Msimulizi Kando ya Skrini: Uhakiki wa Namna ya Kuitambulisha Sinema ya Korea kwa Watazamaji wa Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala hii inahakiki mtindo uliozoeleka wa kuitambulisha sinema ya Korea nje ya nchi hiyo: onyesho katika mji mkubwa, maandishi ya tafsiri chini ya skrini, kisha mazungumzo na mwongozaji. Mtindo huo unapimwa dhidi ya hali ya lugha katika miji ya Gitega na Muyinga, nchini Burundi. Inaonyeshwa kwamba unamdhania mtazamaji asomaye Kifaransa au Kiingereza kwa kasi, na kwa hiyo unawaacha nje watu ambao baadhi ya filamu hizo zinawahusu zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Hoja kuu ni kwamba kiungo kinachokosekana ni msimulizi wa mubashara, ambaye Korea yenyewe ilimtegemea katika miongo ya mwanzo ya sinema yake, na ambaye Afrika Mashariki ingali inaye. Makala inajadili pia mipaka ya Kiswahili mbele ya Kirundi, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Mnamo Januari 2020, mwongozaji Bong Joon-ho alipopokea tuzo ya Golden Globe kwa filamu yake Parasite, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba kuna filamu nyingi nzuri zinazowangoja ng'ambo ya kizuizi cha maandishi ya tafsiri, ambacho kimo chake ni inchi moja tu. Mwezi uliofuata filamu hiyo ilipata tuzo 4 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, ambayo haikuwahi kutolewa kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Kauli yake iliwafaa wale waliokuwa mbele yake. Hao walijua kuisoma lugha ya maandishi hayo. Walichopungukiwa ni utashi wa kusoma.

Kauli hiyo haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo hadi Gitega au Muyinga. Gitega, mji uliotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019, una wizara, shule na makumbusho ya taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Hata hivyo Kifaransa ndani yake ni lugha ya ofisi na darasa, si ya sokoni wala ya nyumbani. Muyinga, kaskazini-mashariki, uko kwenye barabara iendayo mpaka wa Kobero na Tanzania. Hapo Kiswahili ni lugha ya biashara, ya madereva wa malori, ya jamii ya Waislamu wa siku nyingi, na ya wengi waliorejea kutoka ukimbizini Tanzania. Katika miji yote miwili, Kirundi ndicho lugha ya watu wote. Mtazamaji wa huko hakosi utashi. Kizuizi anachokutana nacho ni maandishi ya lugha ambayo ama haisomi, ama huisoma polepole kuliko yanavyopita.

Swali la makala hii, basi, ni hili: sinema ya Korea ikipelekwa Gitega na Muyinga kwa mtindo unaotumika katika miji mikuu, nini kitawafikia watazamaji, na nini kitabaki njiani?

2.0 Mtindo wa kibalozi na upungufu wake

Mtindo unaojadiliwa hapa una nguzo tatu. Ya kwanza ni onyesho la bure, ambalo kwa kawaida huandaliwa na ubalozi au kituo cha utamaduni. Ya pili ni maandishi ya tafsiri kwa Kiingereza au Kifaransa. Ya tatu ni mazungumzo na mwongozaji au mtaalamu, ambapo watazamaji huuliza maswali. Si mtindo mbaya. Umejengwa juu ya tamasha kama lile la Busan, lililoanza mwaka 1996, ambako mazungumzo kati ya mwongozaji na hadhira ni sehemu ya kawaida ya onyesho. Busan, hata hivyo, mwongozaji wa Kikorea na sehemu kubwa ya watazamaji wake huongea lugha moja.

Lugha moja ikikosekana, mazungumzo hayo hugeuka kuwa mnyororo. Mwongozaji husema kwa Kikorea. Mkalimani hutoa Kiingereza. Mwingine hutoa Kifaransa. Na kama mwandaaji ana moyo wa ukarimu, wa mwisho hutoa Kirundi au Kiswahili. Swali la mtazamaji hurudi kwa njia ileile. Matokeo yanajulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa katika ukumbi wa namna hiyo: wanaouliza ni wale wanaoweza kuuliza katika lugha ya tatu ya mnyororo, na maswali yao huelekea kuwa ya shukrani. Mama aliyecheka mahali ambapo wengine hawakucheka haulizwi kwa nini alicheka.

Afrika ina mfano wa mazungumzo yaliyofanikiwa. Sembène Ousmane alizoea kuzunguka na filamu zake katika miji na vijiji vya Senegal na kuzijadili na watazamaji, akiiona sinema kuwa shule ya jioni. Lakini kwanza aliamua kuhusu lugha: filamu yake Mandabi ya mwaka 1968 aliitoa kwa Kiwolofu. Mazungumzo yalifuata uamuzi huo. Vilevile tamasha la Rwanda linalojulikana kama Hillywood, lililoanzishwa mwaka 2005, lilijenga jina lake kwa kupeleka skrini za kujazwa upepo vijijini na kuonyesha filamu za Kinyarwanda. Burundi yenyewe imekuwa na tamasha lake la kimataifa, FESTICAB, tangu mwaka 2009, chini ya Léonce Ngabo, ambaye filamu yake Gito l'ingrat ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua njia ya filamu ndefu za Kirundi. Watazamaji wa Burundi hawahitaji kufundishwa kujadili sinema. Wanachohitaji ni kuisikia.

3.0 Korea nayo ilikuwa na msimulizi

Jambo linalosahauliwa na mtindo wa kibalozi ni kwamba Wakorea wenyewe hawakuijua sinema kwa maandishi. Waliijua kwa sauti ya mtu. Tangu miaka ya 1910 hadi miaka ya 1930, filamu bubu katika kumbi za Seoul zilisindikizwa na byeonsa, yaani msimulizi aliyesimama kando ya skrini, akaeleza kisa, akaigiza sauti za wahusika, na kuwafafanulia watazamaji mila za Marekani au Ulaya wasizozijua. Wasimulizi bora walivuma sawa na waigizaji, na watu walichagua ukumbi kwa kumfuata msimulizi.

Kazi hiyo ilikuwa na uzito wa kisiasa. Korea ilikuwa koloni la Japani, na lugha ya dola ilikuwa Kijapani. Katika kumbi za Wakorea, byeonsa alisimulia kwa Kikorea. Filamu ya Arirang ya Na Woon-gyu ilipoonyeshwa katika ukumbi wa Danseongsa mwaka 1926, picha zilikuwa bubu; kilichowafanya watazamaji waone ndani yake msiba wa nchi yao kilitokana kwa sehemu kubwa na sauti iliyokuwa kando. Ndiyo maana polisi wa kikoloni walisikiliza usimulizi kwa makini kama walivyokagua picha.

Korea haijamtupa msimulizi huyo. Mwaka 2007 ilipatikana nakala ya filamu ya Cheongchun-ui Sipjaro, iliyotengenezwa na An Jong-hwa mwaka 1934, ambayo ndiyo filamu bubu ya Kikorea kongwe kuliko zote zilizosalia. Hifadhi ya Filamu ya Korea iliikarabati. Kwa kuwa maneno ya usimulizi wa asili yalikuwa yamepotea, mwongozaji Kim Tae-yong aliandika upya, na tangu mwaka 2008 filamu hiyo imekuwa ikionyeshwa pamoja na byeonsa na wanamuziki jukwaani, hata nje ya Korea. Kwa hiyo mwenye kupendekeza msimulizi kwa Gitega haombi Korea ikubali mtindo duni kwa ajili ya maskini. Anaomba iwapelekee Warundi kile inachojivunia kwao.

4.0 Wasimulizi wa Afrika Mashariki

Upande wa pili wa kiungo hicho uko tayari. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mubashara, kisha akairekodi sauti yake juu ya kanda za video zilizosambaa katika vibanda umiza. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Nchini Rwanda filamu zilizosimuliwa huitwa agasobanuye, neno litokanalo na kitenzi cha kufafanua, na kwa kuwa Kinyarwanda na Kirundi husikilizana, kazi hizo hueleweka pia Burundi. Mwanaanthropolojia Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa Tanzania, ameonyesha kwamba wao si watafsiri tu. Huihamisha filamu na kuipa makazi mapya.

Wasomi wa Kiswahili wamechelewa kuiona kazi hii kuwa tafsiri. Katika makongamano ya lugha, tafsiri hujadiliwa kama suala la istilahi, hati za bunge na vitabu vya kiada. Wakati huohuo, tasnia ya tafsiri ya Kiswahili inayotegemea malipo ya mlangoni pekee, bila ruzuku ya serikali wala mfadhili, imekuwa ikifanya kazi kwenye kumbi za mabati, na jina pekee inalopewa rasmi ni uharamia. Serikali ya China ilisoma soko hili mapema: tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake ilipoonyeshwa na TBC mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili, ilipata wafuasi kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Maonyesho ya sinema ya Korea, ambayo kwa ubora yanashinda tamthilia hiyo kwa mbali, bado yanazungumza na wasomaji.

5.0 Neno moja la mama mzee

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi katika filamu moja kuliko katika takwimu. Obaltan, ambayo jina lake lina maana ya risasi iliyokosa shabaha, iliongozwa na Yu Hyun-mok mwaka 1961 kutokana na hadithi ya Yi Beom-seon. Inahusu familia iliyokimbia kutoka Kaskazini na kuishi katika mtaa wa vibanda, Seoul, baada ya vita. Cheolho ni karani mwenye jino linalomuuma asiye na fedha za kuling'oa. Mdogo wake, askari wa zamani, anaishia kuiba benki. Dada yao anajiuza kwa wanajeshi wa Marekani. Mama yao, ambaye vita vimemvuruga akili, amelala ndani na kila mara hupiga ukelele wa neno moja: gaja.

Neno hilo ni la kawaida kabisa katika Kikorea. Ni kitenzi cha kwenda katika hali ya kuhimizana: na twende. Halisemi wapi. Wanahistoria wa sinema hueleza kwamba baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 1961 filamu hii ilipigwa marufuku, na kwamba neno hilo lilitiliwa shaka kuwa ni wito wa kwenda Kaskazini. Mama anataka kurudi nyumbani; nyumbani pako upande wa pili wa mpaka uliofungwa; na dola inasikia uhaini katika kilio cha mgonjwa. Nakala ya filamu hiyo iliyosalia ilikuwa ile iliyopelekwa kwenye tamasha la San Francisco mwaka 1963, ikiwa na maandishi ya Kiingereza. Filamu ambayo wahakiki wengi wa Korea huiweka juu ya zote iliokolewa na nakala yake iliyotafsiriwa.

Sasa ifikiriwe filamu hii ikionyeshwa Muyinga. Ukumbini watakuwepo watu waliozaliwa Katumba, Mishamo au Ulyankulu kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972, na vijana waliokulia Nyarugusu au Nduta baada ya mwaka 2015. Wapo waliorudi na kukuta shamba la baba lina mwenye kulilima. Hakuna hadhira Seoul ya leo inayoweza kulisikia neno la mama yule kama hadhira hii. Na maandishi ya chini ya skrini yatasema nini? Kifaransa kitasema allons-y, neno la mtu anayetoka kwenda matembezini.

Msimulizi atakuwa na uchaguzi mgumu zaidi, na wa maana zaidi. Kwa Kiswahili anaweza kusema "Twende!", akaacha wazi ni wapi, kama Kikorea kilivyoacha. Anaweza kusema "Turudi!", akaitaja wazi hamu ya mama, lakini akaufuta utata ambao ndio uliowatia hofu watawala. Kwa Kirundi uchaguzi ni uleule: "Tugende!" au "Dutahe!", na hilo la pili lina nyumba ndani yake. Makala hii inaona kwamba "Twende!" ndilo jibu sahihi, likirudiwa bila kubadilishwa hadi watazamaji wenyewe waanze kujiuliza ni wapi. Lakini msimulizi mwingine anaweza kuwa na hoja nzuri ya kuchagua "Dutahe!" mara ya mwisho peke yake. Mjadala huo, ukifanyika mbele ya hadhira baada ya onyesho, una thamani kuliko maswali ya heshima kwa mgeni. Yu Hyun-mok alifariki mwaka 2009. Hawezi kuja Muyinga. Watakaozungumza ni wale waliobaki ukumbini.

6.0 Kiswahili, na kabla yake Kirundi

Watetezi wa Kiswahili wanapaswa kuwa waangalifu hapa. Burundi ni miongoni mwa nchi chache za Afrika ambako karibu raia wote wana lugha moja ya kuzaliwa nayo. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliitambua Kirundi kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kiliingia katika shule za msingi karibu na wakati Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kumwondoa mtazamaji wa Gitega kwenye Kifaransa asichokielewa na kumpa Kiswahili sanifu anachokielewa nusu ni kubadilisha mkoloni wa maandishi tu.

Isitoshe, kuna mahali ambapo Kirundi kinakidhi haja kuliko Kiswahili cha leo. Kikorea hakina neno moja la kaka. Mwanamume humwita kaka yake mkubwa hyeong, mwanamke humwita oppa. Dada mkubwa ni nuna kwa mwanamume na eonni kwa mwanamke. Majina hayo hutumiwa hata kwa wasio ndugu, na mabadiliko yake kati ya onyesho moja na jingine huonyesha mapenzi, unafiki au dharau. Kifaransa na Kiingereza huyapoteza. Kirundi kina mfumo unaokaribiana nao sana: mukuru kwa ndugu mkubwa wa jinsia moja na msemaji, musaza kwa ndugu wa kiume wa mwanamke, mushiki kwa ndugu wa kike wa mwanamume. Kiswahili kilikuwa na umbu kwa ndugu wa jinsia tofauti, lakini neno hilo sasa linaishi zaidi katika kamusi na tungo za kale.

Nafasi ya Kiswahili ni nyingine, nayo si ndogo. Kutafsiri moja kwa moja kutoka Kikorea kwenda Kirundi kunahitaji wataalamu ambao ni vigumu kuwapata. Kutoka Kikorea kwenda Kiswahili kunawezekana: Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, Seoul, kimekuwa kikifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Hati moja ya Kiswahili iliyotafsiriwa vizuri, yenye maelezo ya heshima na majina ya undugu, inaweza kumhudumia msimulizi wa Muyinga anayechanganya Kiswahili na Kirundi, wa Gitega anayesimulia Kirundi kitupu, wa Ngara na wa Bukavu. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya kanda. Kuwa lugha ya katikati, inayobeba bila kumfukuza mwenye nyumba, ni tafsiri mojawapo ya ibara hiyo inayostahili kujaribiwa.

7.0 Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya usanii. Msimulizi huongeza, hupunguza, hutania. Filamu ya Jibeuro ya Lee Jeong-hyang, ya mwaka 2002, inamhusu mtoto wa mjini anayeachwa kijijini kwa bibi yake asiyeweza kusema. Mtoto anataka kuku wa kukaanga wa mjini. Bibi anatoka na kurudi mvuani na kuku mzima, kisha anamchemsha. Mtoto analia kwa hasira. Usiku njaa inamshinda, anamla. Mtazamaji wa Gitega hahitaji neno hata moja hapo, na msimulizi atakayesema chochote ataiharibu filamu. Pingamizi hii ni ya kweli. Jibu lake ni mafunzo, ambayo sehemu yake ya kwanza iwe kujua mahali pa kunyamaza. Lakini ikumbukwe kwamba maandishi nayo huongeza na kupunguza. Darcy Paquet, mtafsiri wa Parasite kwa Kiingereza, alibuni neno ram-don kwa ajili ya chakula cha jjapaguri, na chuo kikuu cha Seoul akakigeuza kuwa Oxford. Tofauti ni kwamba uhuru wa mtafsiri wa maandishi huitwa ubunifu, na uhuru wa msimulizi huitwa upotoshaji.

Pingamizi ya pili ni ya hakimiliki. Wasimulizi wengi wamefanya kazi juu ya nakala zisizo halali, na hakuna sera inayoweza kulifumbia macho hilo. Hata hivyo, njia halali ipo. Tangu mwaka 2012 Hifadhi ya Filamu ya Korea imekuwa ikiweka filamu zake za zamani kwenye intaneti bila malipo, Obaltan ikiwa miongoni mwao. Kwa filamu mpya, mwenye haki anayetoa kibali cha onyesho la bure anaweza kutoa pia kibali cha usimulizi katika barua ileile. Anayetajwa katika barua hana sababu ya kuitwa haramia.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba mtindo wa onyesho, maandishi na mwongozaji hauwafai watazamaji wengi wa Gitega na Muyinga, na kwamba marekebisho yake yanapatikana katika historia ya Korea na katika desturi ya Afrika Mashariki kwa pamoja. Inapendekezwa mambo manne. Kwanza, balozi na matamasha yanayoleta filamu za Korea katika kanda yatenge malipo ya msimulizi katika bajeti ya kila onyesho, kama yanavyotenga nauli ya mgeni. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na idara za Kiswahili nchini Korea kuandaa hati za tafsiri za filamu chache, kwa kuanzia na zile zilizo huru kuonyeshwa. Tatu, vyuo vinavyofundisha tafsiri vimpokee msimulizi wa kibanda umiza kama mwalimu wa ufundi wake, naye afundishwe kwa upande wake masuala ya hakimiliki na uaminifu kwa matini. Nne, mazungumzo baada ya onyesho yaanze na hadhira katika lugha yake, na mgeni, akiwepo, asikilize kwanza.

Gharama ya mapendekezo haya ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya tiketi ya ndege kutoka Seoul. Yasipofuatwa, maonyesho yataendelea kuhesabiwa kwa idadi ya viti vilivyokaliwa, na mama wa Obaltan ataendelea kulia katika kumbi ambamo wale wanaomfahamu zaidi hawaambiwi anasema nini.